Mvumo Kwenye Trei ya Mikate

Ukitaka kumjua fundi, usimtazame usoni. Fungua kazi yake. Redio iliyopita mikononi mwa Bi Lehemu ilitambulika hata na mafundi wa mitaa ya mbali. Ukiondoa mfuniko wa nyuma unakuta waya zimelala sambamba, zimekunja kona kwa adabu, zimefungwa pamoja kwa uzi wa nta kila baada ya upana wa kidole, na mafundo yote yameelekea upande mmoja. Wateja hawakuiona kazi hiyo, maana nani hufungua redio inayoimba vizuri? Yeye hilo halikumsumbua. Alisema kazi ya ndani unamfanyia fundi atakayekuja baada yako, asije akakutukana.

Jina la Bi Lehemu alipewa na wateja kwa sababu ya harufu ya lehemu iliyoyeyuka, ambayo ilikaa kwenye nguo zake hata siku za harusi. Alikuwa na miaka hamsini na sita. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake mwenyewe: meza moja iliyoungua ungua, taa ya kuinama, rafu tatu za redio zinazosubiri vipuri, na droo ya chini iliyojaa soksi za watoto. Watoto wenyewe walishaoa na kuolewa zamani. Ndani ya kila soksi mlikuwa na valvu moja, zile taa ndogo za kioo zilizofanya kazi katika redio za zamani kabla ya vitu kuwa vidogo kama punje. Wenzake walizitupa. Yeye alizivika soksi.

Alikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyethubutu kumbishia: kazi mbovu haibembelezwi, inafumuliwa na kuanzwa upya. Jirani yake, fundi wa simu wa upande wa pili wa ukuta, aliunganisha waya kwa mtindo wa kiota cha ndege na vitu vyake vikafanya kazi vilevile. Bi Lehemu alimpenda kijana wa watu, lakini kila akipita mlangoni kwake alifumba jicho moja.

Unadhifu huo hakuzaliwa nao. Alifundishwa na dada yake aliyemzidi miaka minne. Walipokuwa wadogo wakilala kitanda kimoja, dada ndiye aliyemsuka nywele, na baadaye akamfundisha kusuka: gawanya sawa, vuta sawa, usiache unywele nje. Mdogo akahamishia somo kwenye waya. Dada naye akalihamishia kwenye maneno.

Kwa miaka thelathini na moja dada huyo alikuwa mtangazaji wa stesheni ya reli. Hakuwa mtangazaji wa kusoma habari wala kupiga muziki. Kazi yake ilikuwa kuketi kwenye kijumba cha vioo juu ya jukwaa namba moja na kuwaambia watu treni ipi inaondoka, saa ngapi, na itasimama wapi: Machimboni, Kiwandani, Njiapanda, Mwisho wa Reli. Alikuwa na sauti nzito kidogo, isiyo na haraka, inayokufikia hata ukiwa umepitiwa na usingizi juu ya mzigo wako. Watu ambao hawakuwahi kumwona uso waliijua. Siku moja sokoni aliuliza bei ya vitunguu, na mzee aliyekuwa mbele yake akanyakua mkoba wake mwenyewe, akaanza kukimbia kama anayeachwa na treni. Hadithi hiyo dada aliisimulia kila mwaka, na kila mwaka mzee yule alizidi kukimbia mbali.

Alijivunia jambo moja tu, kwamba hakuwahi kukosea. Hakuna abiria aliyeshushwa kusiko kwake kwa sababu ya mdomo wake. Alipostaafu stesheni ilinunua mashine ya kusema, na yeye akapewa zawadi ya kuagwa, ile maikrofoni yake ya chuma, nzito kama pasi. Hakuna aliyefikiria kuirekodi sauti yenyewe. Ilikuwapo kila siku, na kitu kilichopo kila siku nani hukiwekea akiba?

Kisha koo likaanza kukwaruza. Dada alilisingizia vumbi, akalisingizia baridi, mpaka daktari alipomwonyesha picha na kumwambia wazi kwamba kisanduku cha sauti chote kitaondolewa. Ataishi, atakula, atapumulia tundu dogo shingoni, lakini hatasema tena. Tarehe ilipangwa, wiki tano mbele. Dada alikuja karakana moja kwa moja kutoka hospitali, akakaa kwenye kigoda cha wateja na kuiweka maikrofoni ya chuma mezani.

"Mjukuu wangu wa mwisho ana miezi mitatu," alisema. "Sitaki aje kuambiwa bibi alikuwa na sauti. Nataka aisikie."

Bi Lehemu alimwahidi, na ahadi yake haikuwa ya kutoa machozi. Ilikuwa ya kutoa bisibisi.

Kwanza walijaribu njia ya mkato. Fundi wa simu aliitwa, akaleta simu yake nzuri kuliko zote, dada akasema sentensi tatu. Simu za siku hizi zina akili ya kuchuja kelele, na akili hiyo iliisikia sauti ya kukwaruza ikaidhania ni kelele. Ikaichuja. Kilichobaki kilikuwa kimeoshwa mpaka kimepauka. Dada alisikiliza, akageuza kichwa na kuuliza, "Huyu nani?" Fundi wa simu akaona haya kana kwamba yeye ndiye aliyemwibia.

Ikabaki maikrofoni ya chuma. Hiyo iliijua sauti ya dada kwa miaka thelathini na moja, ila ilitoa umeme mdogo mno, chozi la umeme, na mashine ya kanda ya Bi Lehemu isingeweza kuusikia mpaka ukuzwe kwanza. Kikuza sauti cha stesheni kilikwisha kutupwa jalalani. Basi Bi Lehemu akaamua kuunda cha kwake, kwa valvu, kwa kuwa valvu ndizo alizozijua tangu ujana na ndizo zilizokuwa zimelala ndani ya soksi.

Bodi aliifanya kwa trei ya aluminiamu ya kuokea mikate, akaitoboa matundu jikoni bila kumwomba mtu ruhusa, kwani trei ilikuwa yake na mikate pia. Transfoma aliitoa kwenye redio iliyokufa. Akachora mchoro nyuma ya kalenda, akaufuta, akauchora tena. Kwa siku nane alikaa na chuma cha kulehemu, mkono mmoja ukifanya kazi na mwingine ukiwa mgongoni kila umeme ulipowashwa, maana ndani ya trei mlikuwa na volti mia mbili na hamsini, nazo hazina undugu. Alipomaliza aliigeuza trei chini juu akaitazama. Waya zote, za umeme na za sauti, zilikuwa zimesukwa mikanda minne iliyonyooka, na mafundo ya uzi wa nta yamepangana. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya, na alilijua hilo.

Akawasha. Valvu zikawaka wekundu mdogo. Akavaa vipokea sauti masikioni, akasikia mvumo.

Ulikuwa mvumo wa umeme, mnene, usiokatika, uliokaa juu ya kila kitu. Dada alisema maneno matatu kwenye maikrofoni na sauti yake ikaja, ikiwa kamili pamoja na mkwaruzo wake, ya stesheni kabisa, lakini kwa nyuma ilikuwa kama kuna lori linalonguruma bila kuondoka. Mtu mwingine angesema inatosha. Dada mwenyewe alisema inatosha. Bi Lehemu alirudisha kanda nyuma akaifuta.

Hapo ndipo msako ulipoanza. Kila alasiri dada alifika kutoka kliniki, akakaa kwenye kigoda na kutangaza treni zake kwa kichwa, huku mdogo wake akisaka mvumo. Alibadilisha valvu moja baada ya nyingine. Moja ilikuwa na ugonjwa wa kulia kama kengele kila alipoigusa kwa penseli, akairudisha kwenye soksi yake kwa heshima zote. Aligeuza transfoma ikatazama ukuta, mvumo ukapungua kidogo ukabaki. Alishuku kapasita, zile zinazolainisha umeme wa ukutani, unaokwenda na kurudi, baada ya kunyooshwa uende upande mmoja, akaziongeza, kisha akaziongeza tena mpaka trei ikajaa, na mvumo haukutishika. Kila jioni alifuta kanda. Ilikuwa kanda moja ileile. Mgongoni ilikuwa na vile vijino viwili vya plastiki ambavyo ukivivunja mashine hukataa kurekodi juu yake, na vyote vilikuwa vizima. Nani huvunja kijino cha kanda ya majaribio?

Wiki ya pili ikapita, ya tatu ikafuata. Sasa nitasema jambo ambalo watu wanaompenda Bi Lehemu hawapendi kulisema. Alikuwa akisikiliza mvumo tu. Hakuisikiliza sauti. Sauti ilikuwa ikishuka kila siku, kutoka ya stesheni ikawa ya sebuleni, kutoka ya sebuleni ikawa ya mtu anayeongea na mto wake, na fundi hakuona, kwa kuwa masikio yake yote yalikuwa kwa lile lori. Wiki ya nne dada alimtolea uvivu. Alimwambia kwamba chelewa chelewa utamkuta mwana si wako, na yeye ndiye mwana anayechelewewa. Bi Lehemu akajibu kwamba hawezi kumwachia mjukuu kazi mbovu. Dada alipofika mlangoni aligeuka kuuliza kama kesho aje saa ileile.

Jumatano ya mwisho dada alitakiwa kuripoti wodini saa kumi jioni, apasuliwe Alhamisi asubuhi. Alifika karakana saa nne asubuhi na mkoba wa nguo. Bi Lehemu alimwuliza amelalaje. Dada akafungua kinywa, na kilichotoka kilikuwa mnong'ono.

Ndipo mdogo mtu alipoelewa. Alikumbuka alasiri zile zote, sauti ile kamili ya siku ya kwanza, na kidole chake mwenyewe kikibonyeza kufuta. Akashika tama mezani kati ya vipuri. Alisema, bila kuinua kichwa, kwamba alikuwa nayo mkononi, siku ya kwanza alikuwa nayo na mvumo wake, na ameifuta kwa ajili ya majivuno. Alilia vizuri, bila kujificha. Dada hakumwambia kwamba si kitu. Ilikuwa kitu, na wote walijua. Alivuta kigoda karibu, akavaa vipokea sauti vya mdogo wake na kusikiliza mvumo kwa mara ya kwanza kwa makini yake mwenyewe.

Mtu aliyekaa miaka thelathini na moja kwenye kijumba cha vioo anaijua mivumo. Baada ya muda alivivua, akaelekeza kidole kwenye redio mbovu ya rafuni, ambayo Bi Lehemu aliiacha ikivuma tangu asubuhi.

"Ule mwembamba," alinong'ona. "Huu mnene. Huu ni baba yake ule."

Bi Lehemu akainua kichwa. Akavaa vipokea sauti, akavivua, akasikiliza redio, akavivaa tena. Umeme ulionyooshwa vibaya huvuma mara mia kwa sekunde. Umeme mbichi wa ukutani, usiopita popote, huvuma mara hamsini, yaani kwa sauti nene zaidi. Wiki zote hizo alikuwa akiongeza kapasita kutibu mvumo mwembamba, na huu haukuwa huo. Na ndani ya trei nzima umeme mbichi ulikuwa sehemu moja tu, kwenye waya mbili zinazowasha wekundu wa valvu.

Akaigeuza trei. Akachukua penseli, mkono mmoja mgongoni, akausukuma mkanda wa waya uliosukwa vizuri kuliko yote. Masikioni mvumo ukapanda. Akaulegeza, ukashuka. Waya za umeme mbichi zilikuwa zimelala bega kwa bega na waya mwembamba wa sauti, safari nzima, zimefungwa pamoja kwa uzi wa nta kila baada ya upana wa kidole. Aliisuka sauti ya dada yake pamoja na umeme wa ukutani. Mvumo haukutoka kwenye valvu wala kwenye transfoma. Ulitoka kwenye unadhifu wake.

Alimweleza dada, na dada akatazama mikanda ile minne, kazi aliyoifundisha yeye kwenye kichwa cha mtoto wa miaka sita.

"Nyani haoni kundule," alinong'ona. "Fumua."

Bi Lehemu alizima umeme, akasubiri kapasita ziishiwe umeme, akashika mkasi. Hakuweza kukata. Mikono ilikataa, mtu mzima mwenye miaka hamsini na sita. Dada akamnyang'anya mkasi, akainamia trei na kukata fundo moja baada ya jingine, kwa utaratibu, na vipande vya uzi wa nta vikaanguka mapajani mwake. Kisha mdogo akachukua nafasi yake. Waya mbili za umeme alizisokota zenyewe kwa zenyewe, akazibana pembeni kabisa mwa trei, mbali. Waya wa sauti aliukata akauacha mfupi, akaupitisha hewani, mshazari, peke yake, bila kona wala fundo. Kwa ndani trei sasa ilifanana na kazi ya fundi wa simu. Saa ya ukutani ilisema saa saba na robo.

Akawasha. Valvu zikawaka. Akavaa vipokea sauti, akafungua kitufe cha sauti taratibu, akakifungua zaidi, mpaka mwisho. Alisikia redio ya jirani nyuma ya ukuta. Alisikia saa yake mwenyewe. Alisikia dada yake akipumua. Katikati ya vitu hivyo hapakuwa na kitu kabisa, na machozi yakamrudia.

Nami nasema hivi, msinibishie. Kikuza sauti cha siku ya kwanza kingeweza kuibeba sauti ya stesheni, lakini mnong'ono ungezama ndani ya lile lori usionekane hata unyayo. Sauti aliyoipoteza hairudi, na hilo Bi Lehemu hakujisamehe kwa wepesi. Lakini sauti iliyobaki, ile ambayo simu ingeifuta na kliniki haikuihesabu, ilihitaji kimya kile kile ambacho mwanamke huyu mbishi alikataa kuishi bila yake. Ni mafundi wangapi mnaowajua ambao wangekwenda mpaka huko, kwa trei ya mikate?

Dada aliisogelea maikrofoni mpaka midomo ikakaribia chuma. Alisema na wajukuu wake watano mmoja mmoja, kwa majina yao ya nyumbani, na wa mwisho alimwambia kwamba bibi hakununa, bibi amemaliza maneno yake tu. Aliwaimbia kipande cha wimbo wa kubembelezea, akasahau mstari, akacheka. Bi Lehemu alikuwa akitazama sindano ya mashine ikicheza na haoni vizuri. Mwisho kabisa, bila kuombwa, dada alinyoosha mgongo kama alivyokuwa akinyoosha kwenye kijumba cha vioo, na akatangaza treni. Kisha wakachukua mkoba wakaenda hospitali.

Upasuaji ulikwenda salama. Wiki tatu baadaye dada alirudi karakana, kitambaa cheupe shingoni, kidaftari kimening'inia kwa kamba, kalamu ndani yake. Bi Lehemu hakuwa amesikiliza kanda tangu siku ile. Alisema anamngoja mwenyewe. Akaiweka kwenye mashine, wakakaa, akabonyeza.

Kilianza kimya cha chumba, kisha pumzi, kisha mnong'ono ulio karibu mno hata Bi Lehemu akageuka kutazama nyuma. Dada alisikiliza akiwa amefumba macho, mikono mapajani. Alitabasamu kwa wajukuu. Alicheka kwenye mstari uliosahauliwa, mabega yakitikisika bila sauti. Halafu ikaja treni. "Abiria wa treni ya saa mbili na nusu, jukwaa namba mbili, inayoelekea Mwisho wa Reli. Itasimama Kiwandani, Machimboni, Njiapanda."

Dada akafumbua macho. Akakunja uso, akainua mkono mashine isimamishwe, akachukua kalamu na kuandika haraka haraka, kisha akausukuma ukurasa kwa mdogo wake.

*Nimetanguliza Kiwandani. Machimboni ndiyo ya kwanza. Futa, turudie.*

Bi Lehemu alisoma. Hakuweza kuinua macho. Dada alikuwa bado ameshika kalamu, amekaa wima, tayari, na ndipo naye alipousoma mwandiko wake mwenyewe. Kalamu ikashuka taratibu mezani. Miaka thelathini na moja hakuwahi kukosea, na mara moja aliyokosea ndiyo iliyobaki duniani.

Kisha Bi Lehemu, ambaye maisha yake yote hakuacha kazi yenye kosa ivuke mlango wake, alitoa kanda kwenye mashine na kuigeuza mgongo. Akachukua bisibisi ndogo, akavunja kijino cha kwanza, akavunja cha pili.

"Haifutiki tena, Dada," alisema. "Abiria wa Machimboni watajua wenyewe pa kushuka."